Zamu ya Editha: Safari yetu kutoka Mugoma mpaka Nyamahanga

Tangu nirudi sijamaliza kushona hata suruali moja. Kila anayeingia kibandani kwangu anavuta kigoda, anakaa mbele ya cherehani na kusema, "Haya, tusimulie." Nikimaliza kwa huyu anaingia mwingine, na sare za wanafunzi zimerundikana mezani. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Atakayeona ni ndefu amuulize Deo, ingawa Deo atawaambia kwamba yeye ndiye aliyefanikisha kila kitu, na huo ni uongo.

Wengi wenu mnatufahamu. Kwa wasiotufahamu, tumebaki watatu. Deo ni fundi baiskeli hapa Mugoma, na ngoma yake ni dumu la lita ishirini. Mzee Laurenti anapiga zeze, na masikio yake husikia anachotaka yeye tu. Mimi napiga gitaa kavu lenye nyuzi tano. Wa sita ulikatika zamani na sijaona sababu ya kuurudisha.

Muziki wetu ulianzia kwenye mguu wa Deo. Alipovunjika alilala miezi kitandani akiwa na simu tu, na humo akawakuta vijana wa nchi za mbali, wenye magitaa kavu na ngoma za kubeba, wanapayuka kwa pamoja kuhusu kufukuzwa kazi, kuachwa na kufiwa, wala hakuna anayejali nani kakosea sauti. Akaniambia unaitwa foku-panki. Nilisikiliza wimbo mmoja nikasema hawa wangekuwa Mugoma wangefukuzwa kwaya siku ya kwanza. Deo akaniuliza, "Kwani wewe hukufukuzwa?" Kweli, nilifukuzwa. Basi tukaanza na hicho tulichokuwa nacho.

Wimbo wetu mkubwa alitutungia mdogo wangu Editha, kabla hajaolewa Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo. Tunauita wimbo wa zamu. Mmoja anapaza lililompata, maneno machache, na wote wanamjibu kwa nguvu, "Na bado upo!" Mzee Laurenti hupaza, "Nilizika mke na ng'ombe wiki moja!" Tunamjibu, "Na bado upo!" Deo huja na mguu wake. Mimi hupaza, "Mume kaondoka, kaacha kofia!" Asiyekuwepo, zamu yake haichukuliwi na mtu. Tunapiga vyombo tu, mapigo manane, midomo imefungwa, kisha tunaendelea. Sheria hiyo aliiweka Editha mwenyewe, na tangu aolewe tumekuwa tukipiga mapigo yake manane bila yeye.

Sasa lililotutoa nyumbani. Mwaka huu Editha alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Alikuwa wa pili kumpoteza hivyo. Nilikwenda msibani, nikakaa naye kwenye mkeka, na kwa kukosa la kusema nikamwambia, "Mungu ana mipango yake, mdogo wangu. Utapata mwingine." Alinitazama mara moja tu, akageukia ukutani. Tangu siku ile hakupokea simu yangu hata moja.

Kisha shemeji Faustine, mume wake, akanipigia. "Shemeji, haongei. Shambani haendi. Chakula anakigusa tu. Watu wakija kumfariji anajifungia chumbani. Nyie si mna ule muziki wenu wa kelele? Njooni basi, mimi nimeshindwa."

Niliogopa. Niliogopa kwamba nimempoteza mdogo wangu, na kwamba nilichangia kumpoteza.

Mugoma mpaka Ngara mjini

Tulikubaliana kuondoka alfajiri. Tuliondoka saa tatu. Deo alitumia muda wote huo kufunga dumu nyuma ya pikipiki kwa mipira ya baiskeli, na kila alipomaliza Mzee Laurenti alimwambia limekaa upande. Mzee mwenyewe alikataa zeze lake lifungwe popote. Alilishika mkononi juu ya kichwa cha dereva njia nzima, na wanawake waliokuwa wanatoka shambani walisimama kutuangalia.

Ngara mjini tulikuta gari la kwenda Biharamulo kupitia Benaco lipo, abiria wapo, dereva hayupo. Alikuwa amekwenda kumuona mgonjwa na angerudi "sasa hivi." Hiyo sasa hivi ilitutosha kula ndizi za maharage sahani mbili mbili kwa mama mmoja mwenye kibanda kando ya stendi, na bado tukabaki na muda. Mzee akatoa zeze. Hatukupanga lolote, lakini Deo hawezi kusikia zeze mikono ikatulia, na mimi siwezi kumwacha Deo apige peke yake.

Tulipofika kwenye mapigo manane ya Editha tulifumba midomo kama kawaida. Mama wa kibanda aliacha kuosha sahani.

"Hapo mbona hamuimbi?"

Nikamweleza. Akafikiri, mikono ikidondosha povu.

"Kwa hiyo mwenye lake naye anaweza kusema? Si hapo pa huyo mdogo wako. Pengine."

"Anaweza. Tutakuwekea zamu yako."

Basi tulipoanza tena akasimama katikati ya masufuria na kupaza, "Kibanda kiliungua na unga wote ndani!" Abiria wa gari letu wakamjibu pamoja nasi, "Na bado upo!" Alirudia mara nne, kila mara akiongeza kilichoungua. Meza. Redio. Viatu vya Pasaka. Dereva aliporudi ilibidi apige honi mara nyingi kabla hatujamsikia.

Lukole: maji kwenye ngoma

Gari lilipita Benaco vizuri, kisha likakohoa na kufa karibu na Lukole. Dereva alifungua boneti, akaangalia, akaifunga, akasema tukae kivulini. Abiria wengine walitembea kurudi Benaco. Mzee Laurenti alifurahi.

Sikujua kwa nini mpaka alipotuambia. Enzi za kambi ya wakimbizi yeye alikuwa kijana anayeuza ndizi pale, na zeze lake alipewa na mkimbizi mmoja siku anarejea kwao. Alitaka kuona mahali zeze hilo lilipotoka mkononi mwa mtu yule. Tulitembea naye huku na huko. Aliwahi kuyaona mahema mpaka macho yanachoka, na sasa kulikuwa na mahindi, mihogo na vichaka. Alisimama sehemu moja, akasema ni hapa. Akasogea, akasema hapana, ni pale. Mwishoni alikaa chini, akapiga kidogo bila kuimba, akasema imetosha.

Mama mmoja mwenye boma jirani alituona na kutuita. Jina lake ni Anastazia. Ni mtu mzima, kwa hiyo wote tulimuamkia.

"Shikamoo mama."

"Malahaba wanangu. Kalibuni, kalibuni sana. Mnatoka mbari?"

Alitupa ugali wa muhogo na dagaa, na akatupangia mahali pa kulala maana gari halikuwa na dalili ya kupona siku ile. Asubuhi nilipoamka nilimkuta Deo uani, mikono kiunoni, analitazama dumu. Mama Anastazia alikuwa ameamka kabla yetu, akaliona dumu letu, akalisugua kwa mchanga na majani mpaka likang'aa, akaenda kisimani na kulijaza maji mpaka shingoni, akalifunga kwa gunzi la muhindi. Alijua wageni wenye safari ndefu hawapaswi kwenda na dumu tupu.

"Safari yenu ndefu," alisema, "njiani maji ya shida."

Ungemwambia nini? Tulimshukuru sana, tukanywa tulichoweza, na tulipofika mbali asituone tukamwagilia mahindi ya watu. Lakini ngoma ilikuwa imeharibika. Matone yalibaki ndani, na kila Deo alipoipiga ilitoa sauti ya tumbo lenye njaa. Tuliianika juani huku tukingoja gari. Deo aliniambia hajawahi kuharibiwa kitu kwa upendo mwingi kiasi kile, nami nikajibu kwamba mimi nimewahi kuharibu hivyo hivyo. Hakuniuliza zaidi, na nilimshukuru kimoyomoyo.

Ndani ya Fuso la ndizi

Lililotutoa Lukole lilikuwa Fuso lililobeba ndizi. Dereva alikuwa Msukuma, mnene, mcheshi, na alitukubali kwa sharti kwamba Mzee akae dirishani, maana alikuwa amembeba mzee mwingine wiki ile akatapika. Mzee Laurenti hakusikia hilo, au alisikia akaamua kutolisikia.

Barabara inapita kwenye msitu mrefu, nyani wamekaa pembeni na watoto wao migongoni. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Mugoma, maneno mazuri yenye mwanzo na mwisho, na kila nilipoyarudia kichwani yalizidi kufanana na yale ya msibani. Nilipofikia toleo la tano niliyachukia yote.

Dereva aliuliza tunaenda kupiga wapi. Deo akamwambia kwa nani na kwa nini. Jamaa alipunguza mwendo.

"Dada yangu yalimkuta kama hayo," alisema. "Tulimchekesha sana. Tukampikia, tukamchekesha. Mpaka leo nadhani alikuwa anatuonea huruma tu, anacheka ili turudi makwetu."

Alitushusha barabarani mahali shemeji alipotuelekeza, akatupa mkungu mzima wa ndizi. Tulikataa mara mbili na kupokea mara ya tatu, kama inavyotakiwa.

Nyamahanga: kwaya iliyosubiriwa

Pikipiki zilitupitisha kwenye mashamba ya mahindi na tumbaku mpaka nyumbani kwa shemeji Faustine. Nilitegemea kumkuta yeye na kuku wake. Nilikuta mabenchi yamepangwa uani, watu kama thelathini wamekaa, nusu yao wamevaa sare za bluu zenye kola nyeupe.

Mama mrefu mwenye miwani alisimama na kuja kutupokea kwa mikono miwili. "Karibuni, kwaya ya Ngara! Mimi ni Mama Redempta, mwenyekiti wa kwaya ya kigango." Akaangalia nyuma yetu, barabarani. "Wenzenu wanakuja na kinanda?"

Nilimtazama shemeji. Alikuwa anatazama kuku. Baadaye alinieleza kwamba aliona aibu kumwambia mwenyekiti wa kwaya kuwa anangojea watu watatu wa kupiga kelele na dumu, hivyo alisema tu "waimbaji wa kikatoliki kutoka Ngara." Na sisi ni wakatoliki, hakudanganya. Lakini huku kwetu ukisema waimbaji wa kikatoliki, watu wanajipanga kwa sauti nne na kupika wali.

"Ndio sisi tu, mama," nilisema. "Na ngoma yetu ndiyo hii."

Mama Redempta aliliangalia dumu. Ana adabu sana yule mama. Alisema, "Tumsifu Yesu Kristo," akatuonyesha benchi.

Mlango wa chumba cha Editha unafungukia uani, na ulikuwa umefungwa. Nilikwenda nikagonga. "Edi, ni mimi." Nilisikia kitanda kikilia, basi. Yale maneno yangu yote ya kwenye Fuso yakapotea, nikarudi kwa wenzangu nikasema tupige, maana sikuwa na kingine cha kufanya na nilikuwa karibu kulia mbele za watu.

Tukaanza wimbo wa zamu. Mwanzoni wanakwaya walikaa wima, mikono mapajani. Mzee alipopaza mke na ng'ombe, kuna mtu alicheka kisha akajishika mdomo. Lakini kwaya ni kwaya. Mara ya pili walishakamata kiitikio, mara ya tatu walikuwa wamekigawa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Sijawahi kusikia "Na bado upo" ikiwa nzuri vile. Nilisikia aibu kwa gitaa langu.

Tukafika kwenye mapigo manane ya Editha. Tukafumba midomo.

Na kwaya, kwa wema wao, wakadhani wageni tumesahau maneno. Mtu aliyelelewa kwenye kwaya hawezi kuona mahali pa kuimba pako wazi akapaacha hivyo hivyo, ataona ni kutelekeza wenzake. Mama Redempta akainua mkono, na sauti ya kwanza wakaingia taratibu, tamu kama uji wa mgonjwa, "Mungu ni mwema, Mungu ni mwema." Nilitikisa kichwa kuwaambia wasiimbe. Wakadhani nawaambia waongeze. Zamu iliyofuata waliingia na besi.

Yalifanana na maneno yangu ya kwenye mkeka, sasa yanaimbwa na kwaya nzima, chini ya dirisha lake. Nilitaka kusimamisha kila kitu. Deo alinitazama na kuendelea kupiga, na hapo tu nitamsifu, maana ningekuwa mimi ningeacha.

Zamu ya tatu walivuta pumzi kuingia, na mlango ukafunguka kwa kishindo ukagonga ukuta.

"Nyamazeni! Hapo ni pangu!"

Alikuwa amekonda. Kanga imefungwa ovyo, nywele hazijachanwa, macho yamewaka. Sijawahi kuona mtu mzuri vile.

"Hapo ni pangu," alisema tena. "Nani kawaambia muingie? Dada, hukuwaambia sheria?"

Mama Redempta alishusha mkono. Shemeji Faustine alisimama na kukaa tena. Ila Deo hakuacha dumu, na zeze la Mzee halikuacha, na mimi nikakumbuka nina gitaa mkononi. Tukazunguka na wimbo. Mke na ng'ombe. Mguu. Sikupaza kofia, sikuweza, nilipiga nyuzi tu. Kisha mapigo manane yakaanza, na uani pote hapakuwa na aliyethubutu hata kukohoa.

Editha alikaza ngumi na kupaza kwa sauti iliyopasuka katikati.

"Mwanangu alikuwa na jina, na hakuna aliyeniuliza!"

Hakuna aliyejibu. Alituangalia mmoja mmoja kwa hasira.

"Mbona hamnijibu?"

"Na bado upo!" Tulijibu watatu. Kisha kwaya nzima, bila kugawana sauti safari hii, kila mtu na koo lake, "Na bado upo!"

Zamu yangu ilipofika nilifumbua mdomo bila kujua nitasema nini, na kilichotoka ni hiki, "Nilikwambia utapata mwingine, nilikosa!" Nilifunga macho. Sauti ya kwanza kunijibu ilikuwa ya mdogo wangu, peke yake, kubwa kuliko zote, "Na bado upo!" Nililia pale pale na kupiga nyuzi zisizohusika, na hakuna aliyejali.

"Anaitwa nani?" nilimuuliza wimbo ukiwa unaendelea.

"Dismasi," alisema. "Na wa kwanza ni Klaudi."

Tukayapaza majina hayo kwa zamu mpaka yakazoeleka midomoni. Kisha kikatokea kitu ambacho Deo anadai alikitegemea, na mimi nasema hakukitegemea. Mama Redempta alivua miwani, akasogea katikati, na kupaza kwa sauti ya mtu ambaye maisha yake yote amekataza watu wasipige kelele, "Wangu aliitwa Koleta! Ana miaka ishirini na nane kaburini!" Editha ndiye aliyeongoza kumjibu. Baada yake alisimama baba mmoja wa besi. Baada yake wengine. Wali ulipoa kwenye masufuria na hakuna aliyeuendea.

Tulipokula, jua lilikuwa limeanza kushuka. Editha alimaliza sahani moja, akaongeza, na kwa mdomo uliojaa akamwambia Deo kwamba dumu lake linasikika kama lina maji ndani.

Kurudi, na baada ya kurudi

Tulikaa Nyamahanga siku tatu. Sikumfariji hata mara moja. Tulipepeta maharage, tulimwaga mahindi kwenye mkeka, na akinihadithia habari za Dismasi nilisikiliza. Alikuwa na nywele nyingi, alisema, na kucha zilizohitaji kukatwa. Siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka barabarani kwa miguu yake, na Mama Redempta akatuuliza kwa uzito kabisa kama kwaya yake inaweza kuomba noti za wimbo wetu. Mzee Laurenti alisikia swali hilo vizuri sana na akacheka mpaka Lukole. Pale tulimuachia Mama Anastazia mkungu wa ndizi, naye akaliangalia dumu na kutaka kulijaza tena. Deo alilikumbatia kwa mikono miwili.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, tulikaa hapa kibandani kwangu kupiga. Wengine mlikuwepo. Deo alimpigia Editha, akaweka simu juu ya benchi, sauti kubwa. Tulipofika kwenye mapigo yake manane tulifumba midomo. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, kimya. Nilidhani mtandao umekata. La tano, la sita.

Kisha simu ikapasuka kwa sauti yake, anahema, jogoo anawika nyuma yake.

"Nimelima ekari nzima peke yangu, mgongo unaniua!"

Mlitusikia mpaka sokoni tulivyomjibu.